Orodha yenu imemruka John Davis

Mhariri,

Nimesoma makala yenu kuhusu wanyanyua vyuma kumi bora wa uzani wa juu wa nyakati zote. Niliirudia mara ya pili nikifuata majina kwa kidole, nikidhani jicho limeruka mstari. Halikuruka. John Davis wa Marekani hayumo.

Ukimtoa mtu mmoja nitakayemtaja baadaye, mwandishi wenu anaanza hesabu kwa Vasily Alekseyev wa Umoja wa Kisovieti, kana kwamba kabla ya 1970 wanaume walikuwa wakinyanyua mito ya kulalia. Alekseyev ana haki yake, na mtu aliyeweka rekodi za dunia 80 hahitaji mimi nimtetee. Wala simgusi Lasha Talakhadze wa Georgia, aliyesukuma kilo 267 kule Tashkent mwaka 2021. Ugomvi wangu ni kipimo mlichotumia. Mmepanga watu kwa kilo walizoinua, basi. Talakhadze ana mwili wa zaidi ya kilo 170. Davis alitawala uzani wa juu akiwa na kilo 100 hivi, mwili ambao leo unawekwa daraja la chini yake. Tena enzi zake mnyanyuaji alikuwa na mitindo mitatu, si miwili kama leo: kunyakua chuma hadi juu kwa mkupuo mmoja, na kukipandisha mabegani kisha kukisukuma juu. Ule wa tatu, wa kukisukuma chuma kutoka mabegani kwa nguvu ya mikono pasipo kukunja magoti, ulifutwa baada ya 1972. Kwa hiyo jumla ya mwaka 1948, yaani kilo za mitindo yote zikijumlishwa, haiwezi kuwekwa kwenye jedwali moja na jumla ya 2021, na jedwali lenu limefanya hivyohivyo bila hata nyota ya maelezo.

Davis alizaliwa Januari 1921, akakulia Brooklyn, New York, akilelewa na mama yake. Oktoba 1938 alikuwa Vienna kwenye ubingwa wa dunia, miezi saba tu tangu Hitler aimeze Austria. Kijana mweusi, hajatimiza hata miaka 18, anapanda jukwaani katika mji huo, daraja la kilo 82.5, kabla hajahamia uzani wa juu, na anashuka bingwa wa dunia. Tangu siku hiyo hadi 1953 hakuna aliyemshinda. Miaka kumi na mitano! Katika orodha yenu wamo watu ambao ubingwa wao haukufika hata nusu ya hapo.

Najua mtasema ana dhahabu mbili tu za Olimpiki. Ni kweli. Michezo ya 1940 na 1944 ilifutwa kwa sababu ya vita, wakati Davis alikuwa na miaka 19, kisha 23. Alivaa magwanda, akapelekwa Pasifiki na jeshi lililowatenga askari weusi na weupe. Amri ya kukomesha ubaguzi huo Rais Truman aliitia saini Julai 1948. Agosti mwaka huohuo, London, Davis alichukua dhahabu kwa jumla ya kilo 452.5. Aliyemfuata, Norbert Schemansky, Mmarekani mwenzake, aliachwa kwa kilo 27.5. Schemansky huyohuyo ninyi mmemweka nafasi ya nane.

Lakini kama ningepewa tukio moja tu la kumtetea, nisingechagua Olimpiki. Ningechagua Paris, 1949. Kulikuwa na magurudumu ya reli yaliyounganishwa kwa ekseli, mali ya zamani ya Mfaransa Louis Uni, mbabe wa majukwaani aliyejiita Apollon. Kilo 166. Kwa Davis uzito huo haukuwa tatizo, kilo nyingi zaidi alikuwa akizipandisha mashindanini. Tatizo lilikuwa ekseli yenyewe, unene wake karibu milimita 50, ilhali chuma cha mashindano ni milimita 28. Halafu magurudumu yale yameshikana na ekseli, kwa hiyo yakianza kuzunguka, nayo inazunguka mkononi na kukuponyoka. Aliyewahi kubeba bomba nene la maji peke yake anajua vidole vinavyoanza kufunguka vyenyewe, kimoja kimoja, na huwezi kuvizuia. Davis hakuwa na mikono mikubwa. Alishindwa mara kadhaa. Mwishowe alishika kiganja kimoja kikitazama mbele na kingine nyuma ili ekseli isizunguke, akaivuta, na ikiwa bado angani akageuza ule mkono mmoja na kuipokea mabegani. Kisha akaisukuma juu. Kabla yake anayejulikana kufaulu ni Mfaransa Charles Rigoulot, mwaka 1930. Mimi nimefuatilia mchezo huu miaka mingi na sijaona kitendo kinachoonyesha nguvu, ujanja na ukaidi kwa pamoja kama hicho.

Mwaka 1951 akawa wa kwanza kupandisha na kusukuma zaidi ya pauni 400 mashindanini, yaani pauni 402, kilo 182 na ushee. Mwaka 1952 huko Helsinki akachukua dhahabu ya pili kwa jumla ya kilo 460, na fedha ikaenda kwa James Bradford, Mmarekani mweusi mwingine. Stockholm mwaka 1953 Doug Hepburn wa Kanada akamwangusha, kwa kilo 10.

Baadaye alifanya kazi ya askari magereza New York. Mtu mwenye dhahabu mbili za Olimpiki na funguo kiunoni! Ubingwa haukumlipa chochote cha kujivunia benki, maana mchezo ulikuwa wa ridhaa. Alipenda kuimba, hasa opera, na waliomsikia walisema sauti anayo. Alifariki Albuquerque, New Mexico, Julai 1984.

Siombi makala mpya. Naomba sahihisho: jina lake, mataji ya dunia na ya Olimpiki kuanzia 1938 hadi 1952, na picha moja, ikiwezekana ile ya magurudumu. Na tafadhali lisiwekwe ile kona ya chini, kando ya matangazo ya vifo, ambako masahihisho yenu huwa yanakwenda kujificha.

Wenu,
Msomaji wa siku nyingi