Ngazi za Kariakoo na mshipa ulioziba

Mtoni, Dar es Salaam

Mwanangu Rehema,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Juzi kwenye simu uliniuliza swali ambalo sikulijibu vema kwa sababu ya kelele za barabarani: ikiwa kipimo cha umeme wa moyo nilichopimwa nikiwa nimelala kilitoka salama, daktari alijuaje kwamba nina mshipa ulioziba? Nimefundisha biolojia miaka mingi mno kuliacha swali kama hilo lipite hivi hivi.

Unazikumbuka ngazi za kwenda stoo ya mama yako pale Kariakoo. Mwezi uliopita nilizipanda na robota dogo la kanga begani, na kabla sijafika ghorofa ya pili kifua kikanibana kana kwamba mtu amekikalia, maumivu yakapanda hadi kwenye taya la kushoto. Nikalitua robota, nikaketi juu yake, na baada ya dakika chache yote yakatoweka. Nilijiona mzima kiasi cha kutaka kuendelea kupanda, na huo ndio mtego wenyewe.

Moyo, ingawa muda wote umejaa damu, haulishwi na damu iliyo ndani ya vyumba vyake, bali na ateri mbili, yaani mishipa ya kupeleka damu, zinazochipuka mwanzoni mwa aota, mshipa mkuu unaotoa damu moyoni, na kuuzunguka kwa nje. Mtu mzima akiwa ametulia, ateri hizo hupitisha takriban mililita 250 kwa dakika. Akifanya kazi nzito, kiasi hicho huweza kupanda mara nne hivi. Misuli ya mguu ikizidiwa huweza kunyonya oksijeni zaidi kutoka katika damu ile ile, lakini moyo hauna nafasi hiyo, kwa kuwa hata ukiwa umetulia tayari hunyonya kama asilimia 70 ya oksijeni inayoufikia. Unapohitaji zaidi, lazima damu yenyewe iongezeke.

Kwenye simu uliufananisha mshipa ulioziba na bomba lenye kutu; mfano huo umefaa nusu tu, maana bomba halijipanui. Ateri kubwa inapozibwa na mafuta, vishipa vidogo vilivyo mbele yake hutanuka ili damu ipite kama kawaida, na ndiyo maana aliyeketi barazani anaweza asihisi lolote hata kipenyo cha ateri kikiwa kimepungua sana. Tatizo ni kwamba vishipa hivyo vimekwisha kuitumia akiba yao ya kutanuka. Ukianza kupanda ngazi, vya upande mzima hufunguka, vya upande ulioziba havina tena pa kufungukia.

Tena liko jambo ambalo wanafunzi wangu walikuwa hawaliamini hata niwachoree: chumba cha kushoto cha moyo hupata sehemu kubwa ya damu yake kinapolegea, kwa sababu kikijikaza hukamua vishipa vyake chenyewe. Mapigo yakienda mbio, muda wa kulegea ndio unaopungua zaidi. Kwa hiyo ngazini moyo wangu ulikuwa unadai chakula zaidi huku muda wa kula ukifupishwa, na tabaka la ndani la misuli ndilo huumia kwanza.

Basi daktari akanitembeza juu ya mashine ya mkanda unaozunguka, nyaya za kipimo kile kile cha umeme wa moyo zikiwa kifuani, akiongeza mwendo na mwinuko kila baada ya dakika tatu. Mwanzoni mchoro ulikuwa wa kawaida. Mwinuko wa tatu ulipoanza, sehemu ya mstari inayofuata mwiba mrefu wa kila pigo ikazama, dalili kwamba misuli ya moyo inakosa damu ya kutosha, na kifua kikabana vile vile kama Kariakoo. Picha ya mishipa iliyopigwa baadaye ilithibitisha alichokwisha kukihisi.

Sasa nameza vidonge vya kupunguza kasi ya mapigo, ambavyo, kama umenifuata, huurudishia moyo muda wake wa kula. Kingine ni cha kuweka chini ya ulimi, nikiwa nimeketi. Nimemwambia mama yako kwamba maumivu yakinijia nimekaa tu, au yakikataa kutulia, asisubiri kupambazuke. Anipeleke hospitali saa hiyo hiyo. Kuhusu stoo usiwe na wasiwasi: amepata kijana wa kupandisha mizigo, nami nabaki chini na daftari la hesabu.

Baba yako