Barua ya wazi kwa Waziri wa Fedha wa Kaunti ya Lamu: mkaguzi wa ndani aondolewe muhuri

Mheshimiwa Waziri,

Tunakuandikia tukiwa wakaguzi na wahasibu wa fedha za umma. Ombi letu ni moja: popote ambapo mkaguzi wa ndani bado anagonga muhuri kwenye vocha (hati ya kuidhinisha malipo) kabla ya fedha kulipwa, kazi hiyo ihamie uhasibu.

Muhuri ule huonekana kama ulinzi. Lakini mkaguzi aliyeipitisha vocha, akitumwa baadaye kuikagua, anajikagua mwenyewe, na ni nani ataandika hoja dhidi ya sahihi yake? Kifungu cha 155 cha Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 kinamtaka apime mifumo, athibitishe kwamba mali ya umma ipo, na achunguze kama fedha zimeleta thamani. Kijana mwenye cheti cha uhasibu cha CPA akikaa miaka mitano akigonga vocha, ujuzi humfia mkononi.

Tuchukue mfano wa jabia, yaani birika la kuhifadhi maji ya mvua, linalojengwa kisiwani Pate. Mchoro unataka nondo za milimita 12, zinasukwa za milimita 10. Mita moja ya ile ya kwanza ina takriban gramu 888, ya pili 617. Karibu thuluthi ya chuma haimo. Zege likishamwagwa na lipu kupigwa, vocha, cheti cha mhandisi na hati ya kamati ya kupokea kazi zote husomeka safi. Wa kuugundua upungufu huo ni yule aliyefika siku ya kusuka chuma, ana kipimo cha unene na nakala ya mchanganuo wa kazi. Akija baada ya hapo, atapima urefu, upana na kina tu, na vyote huenda vikawa sawa.

Kufika huko ndiko kugumu. Mwaka wa fedha hufungwa tarehe 30 Juni, upepo wa kusi umeshika, bahari imechafuka, na ndipo malipo yanaporundikana. Safari kubwa za visiwani zipangwe msimu wa upepo wa kaskazini, Desemba hadi Machi, kwa kufuata bamvua (maji makubwa) na maji mafu (maji madogo). Mafuta ya boti yawe na fungu lake katika bajeti ya kitengo cha ukaguzi. Mkaguzi anayeomba boti kwa idara anayoikagua huipata siku ambayo idara yenyewe imeshajiandaa.

Kukagua masurufu, yaani fedha anazotangulizwa afisa kwa safari ya kazi, hakuhitaji boti: hesabu ya masurufu hurudishwa ndani ya siku 7 za kazi tangu afisa arejee kituoni. Orodha ya waliochelewa iende kwa kamati ya ukaguzi kila mwezi. Ripoti za mkaguzi nazo zifike kwenye kamati hiyo bila kuchujwa na Afisa Mkuu wa idara ambaye matumizi yake ndiyo yanayokaguliwa.

Waraka mmoja wa Hazina ya Kaunti, ukitolewa kabla ya tarehe 1 Julai, unatosha kuuhamisha muhuri huo.

Wakaguzi na wahasibu wa umma,
Lamu