Barua ya wazi kwa Afisa Elimu wa Mkoa wa Iringa

YAH: KUFUTWA KWA SWALI LINALOWAFANANISHA WAHADZABE NA WATU WA ISIMILA

Ndugu Afisa Elimu,

Wanafunzi wanaopelekwa Isimila, eneo la zana za mawe za kale lililo kama kilomita 20 kutoka mjini kwa barabara ya Mbeya, hupewa karatasi ya maswali. Swali moja kwenye karatasi zinazozunguka shuleni huwataka wataje jamii ya Tanzania ambayo bado inaishi kama waliochonga zana zile za mawe. Anayejibu "Wahadzabe" anapata vema. Tunaomba swali hilo lifutwe.

Zana za Isimila zinakadiriwa kuwa na zaidi ya miaka 200,000. Wahadzabe ni raia wenzetu, elfu moja na ushee, wanaoishi kandokando ya Ziwa Eyasi na Bonde la Yaeda. Ncha za mishale yao ni za chuma: msumari hugongwa bila kupitishwa motoni mpaka ubapae, au ncha hupatikana kwa majirani zao Wadatoga kwa kubadilishana na asali.

Kama somo ni maisha yao, basi lianze na wanawake. (Vitabu hukimbilia upinde kwa sababu unasisimua, ilhali chakula cha uhakika ni cha wanawake wachimbao mizizi.) Hutoka kwa kundi, kila mmoja na mti wake wa kuchimbia, ncha yake imekaushwa motoni. Hugonga ardhi na kusikiliza mlio kabla ya kuchimba. Kazi ngumu ni mawe: mzizi mara nyingi umebanwa chini yake, na bila kuling'oa jiwe utakatika. Mizizi hubanikwa dakika chache, ikamenywa, ikatafunwa, nyuzi zikatemwa.

Mwanamume huwinda peke yake au na mwenzake. Mnyama mkubwa akipigwa mshale wa sumu haanguki papo hapo, na akifukuzwa mapema hukimbilia mbali. Kwa hiyo mwindaji humwacha kwanza, akarudi kambini kuita watu wa kufuata nyayo na kubeba. Wakichelewa, fisi wamewahi. Nyama hiyo huliwa na kambi nzima, isipokuwa sehemu za mila ya wanaume iitwayo epeme, ambazo ni za wanaume waliokwisha kuingizwa katika mila hiyo.

Kambi huwa na watu 20 au 30 hivi na haina chifu. Ugomvi ukizidi, mtu hufunga virago akahamia kambi nyingine. Kibanda cha matawi na nyasi wanawake hukimaliza kwa saa mbili hivi, kwa hiyo kuhama si gharama. Tungependa mwanafunzi aulizwe hilo: watu wasio na chifu wala ghala humalizaje ugomvi na njaa?

Mwaka 2011 Wahadzabe wa Yaeda walipewa hati za kimila za ardhi yao ya pamoja. Mtoto aliyefundishwa kwamba ni mabaki ya kale ataona hati hiyo ni ya nini?

Karatasi mpya tuko tayari kuiandaa na kuileta ofisini kwako kabla ya ziara za muhula ujao.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Walimu wa Historia, Iringa