Wanawake wa Kirgizia hawakukosa mwamko

Ndugu Mhariri,

Nanunua gazeti lenu tangu nikiwa msichana na sijawahi kuwaandikia. Ila makala ya Jumapili kuhusu Kirgizia, nchi ya Asia ya Kati, imenikera. Mwandishi wenu anasema wanawake wa kule "hawana mwamko wa siasa". Nimesoma kule miaka minne, mji mkuu ukiitwa bado Frunze, sasa ni Bishkek. Hao anaowasema siwajui.

Uchaguzi wa 2005, bunge lao la viti 75 halikupata mwanamke hata mmoja. Sheria ya 2007 ikavibana vyama, jinsia moja isizidi asilimia 70 ya orodha ya wagombea wa chama, na Desemba ileile wakaingia wanawake 23 kati ya 90. Miezi michache imetosha kuamsha mwamko? Walikuwepo, mlango ulikuwa umefungwa. Tena miaka iliyofuata wakashinikizwa kuachia viti baada ya uchaguzi, wanaume waliokuwa chini yao kwenye orodha wakapanda, mpaka 2017 sheria iliposema kiti cha mwanamke kirithiwe na mwanamke.

Hayo yamenikuta mwenyewe hapa Tanga. Nilishinda kura za maoni za udiwani kwa kura 11. Jioni nikaitwa ofisini. Mezani kulikuwa na barua ya kujitoa, imeshachapwa, sababu "matatizo ya kifamilia", imebaki sahihi tu. Kalamu imeshatolewa kifuniko. Wazee watatu wananiita "mwanangu", wananikaribisha chai, wananieleza kijana niliyemshinda ametumia hela nyingi, nisimharibie. Nilikaa mpaka chai ya maziwa ikashika utando. Nikasaini, na sijajisamehe. Kesho yake ikatangazwa nimejitoa kwa hiari yangu, na mtaani wakasema wanawake ndivyo tulivyo, siasa hatuziwezi.

Halafu hili neno "mwanamama". Roza Otunbayeva amekuwa waziri wa mambo ya nje, balozi Washington na London, rais wa Kirgizia tangu 2010 hadi alipokabidhi madaraka kwa amani mwishoni mwa 2011. Ninyi mmemwita "mwanamama jasiri" na kumaliza aya nzima kwenye mavazi yake. Mwanamume aliyempokea madaraka mmemtaja kwa cheo.

Ninaomba hivi: kila mkiandika idadi ya wabunge wanawake, wa nchi yoyote, chapisheni namba tatu. Walioingia kwa orodha, walioshinda jimboni, na walioachia kiti ndani ya mwaka wa kwanza. Kwa Kirgizia ya 2021, namba ya majimboni ni sifuri kati ya 36. Anzeni na hiyo Jumapili ijayo, ukurasa uleule.

Msomaji wenu,
Chumbageni, Tanga