Kwa vijana wa dikoni: haya si maji ya mwezi

Wanangu mnaovua, mnaotembeza wageni na mnaokaanga samaki pale chini ya mkungu,

Nawasalimu kwa heri, ila moyo wangu umechafuka tangu Julai 2025 na nimeshindwa kunyamaza. Mnaikumbuka siku ile zilipofika habari kwamba tetemeko la ukubwa wa 8.8 limepiga Kamchatka, mashariki ya mbali ya Urusi, na nchi za Pasifiki zinaondoa watu pwani. Nilikuwa pembeni nikishona nyavu. Mmoja wenu akaiuliza programu ya akili mnemba kama tsunami itafika kwetu, ikamwambia haifiki. Mwenzake akauliza hayo hayo kwa maneno mengine, akajibiwa ajiandae, mawimbi yako njiani. Mkabishana nusu saa nzima simu ya nani ina akili zaidi. Hakuna aliyefungua redio. Hakuna aliyempigia mwenyekiti wa mtaa. Hakuna hata mmoja aliyeuliza: tukiambiwa tukimbie, tunakimbilia wapi?

Hatari ya siku ile haikuwa yetu, bahari ile siyo hii. Lakini huko Hawaii, ambako tahadhari ilikuwa ya kweli, iliripotiwa kwamba programu ya namna hiyohiyo iliwaambia watu tahadhari imefutwa, kumbe bado ipo. Mawimbi yakaja madogo kuliko ilivyohofiwa. Yangekuja makubwa je? Nani angemrudisha aliyekwisha geuza gari kuelekea ufukweni?

Programu ile imelishwa maandishi mengi mno, nayo hupanga maneno yanayoelekea kufuatana. Bahari haiioni. Hata ikitafuta habari mpya, inaweza kuokota tangazo la saa tatu zilizopita, au la nchi nyingine, ikakusomea kwa uhakika uleule. Binadamu asiyejua jambo husitasita, ukamtambua usoni. Ile haina uso.

Wengi wenu mlikuwa hamjazaliwa tarehe 26 Desemba 2004. Ilikuwa Jumapili, siku moja baada ya Krismasi, mwezi mpevu, bamvua, maji yanapojaa na kupwa kuliko siku nyingine. Nilikuwa ufukweni Dar es Salaam. Sumatra, kisiwa cha Indonesia, ilikuwa imetikisika alfajiri kwa saa zetu, na sisi hatukuhisi chochote. Kwa saa kadhaa habari zilikuwa zimeenea duniani, kule Indonesia, Sri Lanka na Thailand watu wanakufa kwa maelfu, na ufuko wetu umejaa watoto wanaoogelea. Mchana maji yakapanda kwa pupa, yakarudi nyuma kama yamevutwa kwa kamba, yakapanda tena, wakati kila mvuvi alijua yalipaswa kujaa taratibu hadi alasiri. Mzee aliyenifundisha kazi akatupa pondo, akapiga ukelele: "Haya si maji ya mwezi! Tokeni!" Wapo waliomcheka. Wapo vijana waliokimbilia palepale palipokauka wakitafuta samaki, na sisi tukawafuata kuwakamata mikono na kuwaburuta. Hadi leo nikifumba macho nasikia sauti yake.

Siku ile Tanzania ilipoteza watu wasiopungua 10, na miongoni mwao vijana waliokuwa wakiogelea. Kenya, ambako polisi waliwaondoa watu fukweni habari zilipofika, alikufa mmoja. Somalia walikufa karibu 300.

Sasa nisikilizeni habari ya Simeulue, kisiwa kilicho karibu kabisa na lilikoanzia tetemeko lile la 2004. Mwaka 1907 tsunami iliwaua wengi wa mababu zao. Waliobaki waliliita jambo hilo smong, wakalitia katika nyimbo na hadithi za watoto: ardhi ikitikisika kwa nguvu na bahari ikirudi nyuma, panda mlimani, usiulize. Mwaka 2004 kisiwa kile kilikuwa na watu wapatao 78,000. Waliokufa ni 7. Mtoto wa kule hakuhitaji chaji wala mtandao. Ninyi hamna wimbo huo kwa sababu sisi wazee hatukuwapa, tumewaachia simu iwalee. Hilo ni kosa letu.

Wala si letu peke yetu. Hapa petu njia za kutokea ufukweni zimezibwa na kuta za wenye fedha. Hakuna kibao kinachoonyesha mwinuko uko wapi. Shuleni hakuna zoezi. Mtu asiyeonyeshwa njia ataiuliza simu, atafanyaje?

Basi shikeni haya. Kwetu chanzo yamkini kitakuwa mbali, kama Sumatra au Makran huko Pakistani na Irani, hivyo msingoje ardhi itikisike. Tangazo la kufuata ni la Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, au Idara ya Hali ya Hewa kwa ndugu zetu wa Kenya. Hao ndio wanaopokea taarifa kutoka vituo vya Australia, India na Indonesia. Lisikilizeni redioni, kwa viongozi wa mtaa, kwa polisi. Bahari ikifanya lisilo la mwezi, ondokeni hata kama hakuna tangazo. Si lazima ianze kurudi nyuma, huweza kuanza kwa kupanda. Wimbi la kwanza mara nyingi silo kubwa, na mengine hufuatana kwa saa nyingi, kwa hiyo hakuna kurudia nyavu wala pikipiki. Aliye mbali kwenye maji marefu abaki huko huko. Sauti za WhatsApp msizisambaze.

Jumamosi hii baada ya swala ya alasiri nitakuwa chini ya mkungu. Tutatembea kutoka dikoni hadi msikiti wa juu, tupite kichochoro cha nyuma ya soko la samaki, ambacho hakijajengewa ukuta bado. Njooni na wadogo zenu, na bibi zenu wanaotembea kwa mkongojo, maana mwendo wao ndio nataka tuupime. Mwenye saa aje nayo.