Ahsante, kaka wa slaidi

Marehemu baba alikuwa baharia. Alituachia kopo la biskuti lenye slaidi 36 (vipande vya filamu vya kutazamwa kwa mwanga) zilizoota ukungu, wala hatukujua ni za wapi. Fundi mmoja wa picha alinishauri nizitupe.

Wewe, kaka, hukunijua hata kwa jina. Ulizipuliza vumbi moja moja kwa pampu ya mpira, ukazifuta kwa brashi laini bila tone la maji, ukazipiga picha upya juu ya taa. Ukaona maandishi ya Kichina ukutani yamegeuka, ukazipindua slaidi nne. Kisha ukautambua ule mnara mweupe wa ghorofa saba: Tiger Balm Garden, Hong Kong, bustani aliyoijenga tajiri Aw Boon Haw miaka ya 1930 kwa fedha za mafuta ya kuchua ya jina hilo, Tiger Balm. (Mama anacho kichupa chake mpaka leo!) Ilibomolewa 2004, likabaki jumba lake na bustani yake ya faragha.

Pesa ulikataa, ukanywa kahawa tu. Wenzangu wenye makopo ya namna hiyo, msiyatupe kabla hajayatazama mtu anayejua.

Jana mama alimwona mumewe kijana, chini ya mnara, shati nje. Akacheka mpaka machozi. “Nilimwambia achomekee!”