Kwa mpwa wangu, kuhusu wale watoto watano wa New York

Mpwa wangu mpendwa,

Umeniuliza Frankie Lymon alikuwa nani, na mbona sauti yake ni ya mtoto kabisa. Alikuwa mtoto kweli. Wimbo wao "Why Do Fools Fall in Love" ulipotoka Januari 1956, alikuwa na miaka 13. Ila kabla sijaendelea nikutajie wenzake wanne, maana watu wengi huishia kwa Frankie, na hilo huniuma.

Ni Herman Santiago, Jimmy Merchant, Joe Negroni na Sherman Garnes. Herman na Joe walikuwa wa asili ya Puerto Rico, waliobaki ni Wamarekani weusi. Kundi lao, Teenagers, lilianzia shuleni, Edward W. Stitt, kaskazini mwa Manhattan. Waliimba duwopu, yaani nyimbo za kundi ambamo sauti za waimbaji hushika nafasi ya ala; ulikuwa muziki wa vijana wasio na pesa za kununulia ala. Waliimbia vichochoroni na kwenye ngazi za majengo, mahali ambapo kuta zinarudisha sauti vizuri.

Usikilize tena ule mwanzo, mama. Frankie hajafungua kinywa bado. Anayeanza ni Sherman, besi (sauti nzito ya chini) peke yake, anarusha silabi ambazo hazina maana yoyote lakini tayari zimeshika mdundo. Wenzake wanaingia, ndipo Frankie anapanda juu yao. Ondoa ile besi na wimbo wote unalegea.

Kabla ya Frankie, aliyekuwa akiongoza ni Herman. Inasimuliwa kwamba jirani mmoja aliwapa barua za mapenzi alizoandikiwa na mpenzi wake, na humo ndimo wimbo ulimozaliwa. Richard Barrett wa kundi la Valentines aliwasikia, akawapeleka kwa George Goldner, mwenye lebo ya Gee, kampuni ya kutoa sahani za muziki. Wimbo ukafika nafasi ya 6 Marekani na ya kwanza Uingereza. Kwenye sahani ya kwanza jina la kundi, Teenagers, lilitangulia. Baadaye la Frankie likawekwa mbele, na mwaka 1957 akatolewa aimbe peke yake. Mwaka huohuo alionekana kwenye runinga, katika kipindi cha mtangazaji wa muziki Alan Freed, akicheza na msichana mzungu. Kelele zilizozuka zilikiua kipindi.

Baada ya kutengana, si yeye wala wenzake waliofika tena pale. Heroini ilimuua Frankie Februari 1968, akiwa na miaka 25. Sherman alifariki 1977, Joe 1978.

Halafu pesa. Goldner alijiandikisha kuwa mtunzi, na baadaye jina la Morris Levy, mfanyabiashara wa muziki, likachukua nafasi yake. Mwimbaji Diana Ross aliporudia wimbo huo mwaka 1981, mirabaha (malipo ya watunzi) ikawa mingi, na wanawake watatu wakaenda mahakamani, kila mmoja akisema yeye ndiye mjane wa Frankie. Mahakama ilimpa haki mmoja wao, Emira Eagle.

Herman na Jimmy nao walishtaki. Mwaka 1992 baraza la wazee wa mahakama lilikubali kwamba wao ni watunzi pamoja na Frankie. Mwaka 1996 mahakama ya rufaa ikatengua ushindi huo kwa sababu walichelewa: sheria iliwapa miaka mitatu tu ya kudai. Haikusema kwamba hawakuutunga.

Mjomba wako